Homa, degedege na ubongo: la kufanya kipimo cha malaria kikitoka hasi

Kigoma, homa yenye degedege au kuchanganyikiwa huitwa malaria papo hapo. Mara nyingi ndiyo, kwa hiyo pimeni kwanza. Kipimo kikitoka hasi msirudi nyumbani kulala: virusi vinavyoenezwa na mbu, kama vya West Nile, navyo huvimbisha ubongo.

Ubongo una ukuta wake, seli za mishipa ya damu zilizobanana zisipitishe mvamizi. Virusi vikipenya, seli zilizoambukizwa hutoa interferoni, protini za kutoa tahadhari, ili jirani zijikinge. Mikroglia, walinzi wakaazi wa ubongo, husafisha mabaki na kusaidia kuita seli T, askari wa kinga ya mwili, kutoka kwenye damu. Shida ni kwamba vita hivyo vyenyewe huleta uvimbe, na fuvu halitanuki. Antibiotiki haiui virusi.

Degedege likianza, mlaze mgonjwa kwa ubavu, mlegezee nguo, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni. Huvunja meno, na ulimi haumezwi. Usimnyweshe kitu mpaka azinduke. Kisha hospitali, Maweni kwa mfano, apimwe sukari ya damu na, daktari akiona ni salama, maji ya uti wa mgongo.

Kinga ianzie chooni. Mbu aina ya kuleksi hupenda maji machafu: ziba nyufa za karo, funga wavu kwenye bomba la hewa. Mapipa yasugueni kila wiki, kwani kwenye joto yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Kuleksi huuma usiku, hivyo chandarua kinahusika pia.