Mazoezi ya pumzi ya Kichina: kazi iko kwenye kutoa, sio kuvuta

Mwambie mtu yeyote avute pumzi uone anachofanya, mabega yanapanda, kifua kinavimba, shingo inakaza, afu anaibana kama anataka kupiga mbizi. Wachina waliozama kwenye hii elimu wanaenda kinyume kabisa, wao wanaanza na kutoa, hewa iliyochoka itoke kwanza, ikishatoka hiyo mpya inaingia yenyewe wala huna haja ya kuivuta kwa nguvu.

Na hawajaanza juzi. Mwaka 1973 pale Mawangdui, Changsha, kusini mwa China, kwenye kaburi la mwaka 168 kabla ya Kristo, ilikutwa hariri yenye michoro ya watu 44 wakifanya mazoezi haya, wake kwa waume, vijana kwa wazee, wengine wamevaa vizuri wengine vifua wazi. Staili ziko nyingi sana, ila mi naelekeza moja tu, Liu Zi Jue, yaani sauti sita, maana haitaki vifaa na hata mwenye magoti mabovu anaweza kuifanya akiwa amekaa kwenye kiti. Tao Hongjing, tabibu wa Kitao (Utao ni dini na falsafa ya kale ya Wachina) aliyeishi 456 hadi 536, aliandika kwamba kuvuta pumzi kuna njia moja lakini kutoa kuna njia sita, na hizo sita ndo hizo sauti zenyewe.

Sasa kabla hujakimbilia sauti jifunze kupumulia tumbo, wengi wanaruka hapa afu wanalalamika haifanyi kazi. Simama, miguu iwe na upana wa mabega, magoti yalegeze kidogo, mabega yaachie yaanguke, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu. Weka kiganja chini ya kitovu, vidole vitatu hivi kwenda chini, hapo wenyewe wanapaita dantian. Toa pumzi taratibu tumbo liingie ndani, usikamue mpaka tone la mwisho, afu iache pua ivute, utasikia tumbo linausukuma mkono nje. Mabega yakipanda ujue umerudi kifuani, anza upya. Kinachotokea ni kwamba diaframu, ule msuli ulio chini ya mapafu, unashuka na mapafu yanapata nafasi ya kufunguka mpaka chini.

Unataka ushahidi? Shika mshipa kwenye kifundo cha mkono huku unapumua polepole, wengi wataona ukivuta mapigo yanaongeza mwendo kidogo na ukitoa yanapungua, kwa hiyo ukirefusha kutoa unaupa moyo muda mrefu zaidi wa kupoa. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, kwenye zoezi hili taratibu unaweza kushuka mpaka 6 hivi, ila usilazimishe, ukijikuta unahema kutafuta hewa umepitiliza.

Tumbo likishaelewa, ingia kwenye sauti. Kila moja unaitoa mara 6 kisha unahamia inayofuata, kuvuta ni kwa pua, kutoa ni kwa mdomo. Kila sauti wanaipa kiungo chake mwilini. Ya kwanza ni xu, ya ini, itamke shyuu, midomo imesogea mbele kidogo na macho umeyafungua vizuri. Inafuata he ya moyo, hiyo inatokea kooni, mdomo wazi, hewa ya moto itoke yenyewe. Hu ni ya wengu, hapo duarisha midomo upulize huuu. Si ni ya mapafu, meno yakaribiane hewa ipite katikati yake, sss. Chui ni ya figo, sema chwei, midomo inaanza duara inamalizia imevutwa kando. Ya mwisho xi, shii, pembe za mdomo zimevutwa kama unatabasamu, hii ni ya kile wanachokiita sanjiao, ambacho huwezi kukikuta kwenye picha ya eksirei maana ni hesabu yao wenyewe ya njia za joto na maji mwilini. Mpangilio usiuchanganye, sauti tano za kwanza zinafuata zile elementi zao tano, mti, moto, udongo, chuma, maji, kila moja inaizaa inayofuata. Mwanzoni toa sauti isikike ili ujue mdomo umekaa sawa, ukizoea ipunguze mpaka ibaki pumzi tu.

Je sauti ya ini inatibu ini? Kiukweli mi siwezi kukuahidi hilo, ninachokiona cha uhakika ni kwamba kila sauti inakupangia mdomo tofauti, na mdomo ukibanwa kidogo pumzi inatoka polepole bila wewe kuhesabu sekunde. Na ukisikia habari ya Pengzu, mzee wa masimulizi ya Kichina anayesemekana aliishi miaka 800, ichukulie kama hadithi, hata kwenye maandiko ya Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa Kitao, wanatajwa watu wanaopumua na kujinyoosha kama dubu na ndege wakitafuta umri wa Pengzu, wala hawasifiwi kihivyo.

Ukisikia kizunguzungu au vidole vinawasha, umepumua kwa nguvu mno na kaboni dayoksaidi imeshuka kwenye damu, acha, kaa chini, pumua kawaida. Kuzuia pumzi hakuna hapa, hasa kwa mwenye presha, ngiri au mjamzito, na vidonge vya presha usiviache ati kwa sababu unajisikia mwepesi siku hizi. Aliyewahi kuugua akili azungumze na daktari kwanza, Wachina wenyewe wanajua kuna watu walioharibikiwa kwa kuzidisha. Ukitoka kula subiri kama saa nzima.

Kufunga, weka viganja viwili kwenye kitovu, sugua tumbo mizunguko 6 upande mmoja na 6 upande wa pili, toa mikono, tembea tembea kidogo afu endelea na kazi zako. Zoezi zima likikuchukua dakika 15 linatosha, kesho tena.