Umepiga Windows upya, kompyuta imegoma kuwaka: usiipige tena kabla ya kuangalia haya

Wakuu, somo hili ni la yule aliyekesha anapiga Windows, asilimia zikafika 100, mashine ikajizima ili ijiwashe yenyewe, na tangu hapo anatazama kistari kinachopepesa kwenye kona ya juu kushoto ya kioo. Wengi wakifika hapo wanachomeka flashi na kuanza moja.

Nami nimelipitia hilo. Nilifunga SSD mpya kando ya diski yangu kuukuu, nikapiga Windows kwenye SSD, ikawaka vizuri. Nikachomoa ile kuukuu ili nimpe mdogo wangu, mashine ikagoma. Nikairudisha, nikapiga Windows tena, ikawaka. Nikachomoa, ikagoma. Saa nane za usiku nipo chini ya meza na bisibisi mdomoni ndipo nilipogundua kwamba Windows haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa kwenye SSD, nzima kabisa. Mlango wake tu, yaani mafaili madogo ya kuwashia, ndio ulikuwa umejengwa kwenye diski ya jirani.

Kwa hiyo kabla ya kufomati chochote, tafuta mlango uko wapi.

HATUA YA 1: Haiwaki vipi?

Neno "haiwaki" linabeba magonjwa mengi. Kama ukibonyeza swichi hakuna taa wala feni, hilo ni la umeme: waya, soketi, sapulai. Windows haihusiki, hata kama ndiyo umetoka kuipiga. Kama feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi tangu mwanzo, hata nembo ya mtengenezaji haitokei, angalia ramu na waya wa kioo. Zichomoe ramu, zifute, zirudishe mpaka zilie "ka". Wakati wa kufunga SSD ni rahisi mno kuigusa ramu kwa mkono bila kujua.

Somo hili ni la makundi mawili yaliyobaki: mashine inafika kwenye nembo kisha inaleta maandishi kama "No bootable device", "Operating system not found" au kosa 0xc000000e, au inafika kwenye viduara vya Windows halafu inakufa. Andika maneno yake kama yalivyo, au yapige picha kwa simu. Ukimwambia mtu "imeleta maandishi meupe" hujamwambia kitu.

HATUA YA 2: Chomoa kila kitu cha USB

Flashi, diski ya nje, kisoma kadi, printa. Bakiza kibodi na mausi. Flashi isiyo na Windows inaweza kushikwa kwanza na mashine, ikakuambia hakuna kitu cha kuwashia. Wako waliopona hapa hapa, na hawapendi kusimulia.

HATUA YA 3: Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe)

Washa na ugongegonge Del au F2 (mashine nyingine ni F10 au Esc). Tazama mambo matatu.

Kwanza, diski inaonekana kwa jina lake? Kama haionekani, usiendelee na amri zozote. Shida ni waya, soketi au diski yenyewe.

Pili, mpangilio wa kuwasha. Kwenye mashine za UEFI (njia mpya ya kuwashia) unachotafuta si jina la diski bali mstari ulioandikwa "Windows Boot Manager". Huo ndio uwe wa kwanza. Ukiona jina la diski lipo lakini mstari huo haupo popote, umeshapata jibu la nusu: diski ipo, mlango haupo.

Tatu, mashine iko UEFI au Legacy (njia ya zamani ya kuwashia, wengine huandika CSM)? Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tutulie kidogo.

Kuna namna mbili za kugawa diski. MBR ni ya zamani: mwisho wake ni TB 2 na patisheni (vipande vya diski) kuu 4. GPT ni mpya na haina mipaka hiyo. Ukiwasha flashi kwa njia ya UEFI, Windows inataka diski ya GPT. Ukiwasha flashi ile ile kwa njia ya Legacy, inataka MBR. Ndiyo maana kwenye menyu ya kuwashia flashi moja huonekana mara mbili, moja ikiwa na "UEFI:" mbele ya jina. Ukichagua ile isiyo na neno hilo, Windows itaingia kwa MBR bila kulalamika. Kisha mashine ikirudi kuwaka kwa UEFI peke yake, haioni kitu. Ni kama kupewa ufunguo wa kufuli jingine.

Kwa mashine yoyote ya miaka ya karibuni, chagua UEFI na usahau Legacy. Windows 11 yenyewe imewekewa sharti la UEFI na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine).

HATUA YA 4: Fungua dirisha jeusi

Chomeka flashi ya Windows, iwashe kwa ule mstari wenye "UEFI:". Ukifika kwenye kuchagua lugha, bonyeza Shift + F10. (Kwenye laptopu nyingine unaongeza Fn.) Litafunguka dirisha jeusi. Andika:

diskpart
list disk

Kutakuwa na jedwali dogo. Tazama safu ya mwisho kulia, "Gpt". Diski yenye nyota chini ya neno hilo ni GPT. Isiyo na nyota ni MBR. Kinyota kimoja tu, lakini ndicho kinachokuambia ufuate njia ipi. Diski utaitambua kwa ukubwa wake, usiitambue kwa namba. Kisha:

list vol

Tafuta patisheni ndogo iliyoandikwa FAT32 (aina ya mpangilio wa mafaili). Windows ikiitengeneza yenyewe huwa ya MB 100 hivi. Za kutoka kiwandani mara nyingi ni MB 260. Huo ndio mlango. Tazama pia Windows yako imepewa herufi gani, maana ukiwasha kwa flashi herufi huhama. C unayoijua inaweza kuwa D au E. Usibahatishe: toka diskpart kwa "exit", andika "dir D:\" na uone kama kuna folda za Windows na Users. Hazipo? Jaribu E.

HATUA YA 5: Jenga mlango

Tuseme patisheni ya FAT32 ni volumu namba 3, na Windows umeikuta D. Rudi kwenye diskpart:

select vol 3
assign letter=S
exit

Halafu:

bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Ikijibu "Boot files successfully created", funga, chomoa flashi, washa.

Na kama kwenye SSD yako hakuna FAT32 yoyote? Hiyo ndiyo hali yangu ya usiku ule. Kisakinishi kikikuta diski nyingine tayari ina patisheni ya kuwashia, mara nyingi hakisumbuki kutengeneza mpya. Kinaweka mafaili yake huko huko. Dawa ni kumega kipande kwenye SSD. Hakikisha diski ni ya GPT, chomoa diski nyingine zote ili usikosee, kisha ndani ya diskpart:

select vol 1
shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit

Namba 1 hapo iwe volumu yenye Windows yako. Soma mara mbili kabla ya kugonga Enter kwenye ule mstari wa format, kwa sababu diskpart haiulizi "una uhakika?". Inafuta tu. Halafu rudia bcdboot.

Tangu siku hiyo nikipiga Windows kwenye mashine yenye diski mbili, ya pili naichomoa kwanza, naichomeka baada ya kumaliza. Nikiwa na haraka pia naichomoa.

HATUA YA 6: Kama diski ni MBR

Una njia mbili. Mashine ikiwa ya zamani kweli, washa Legacy kwenye BIOS na Windows itawaka kama ilivyo. Mashine ikiwa inaijua UEFI, geuza diski bila kuifuta. Kwenye lile dirisha jeusi:

mbr2gpt /validate /disk:0
mbr2gpt /convert /disk:0

Namba 0 hapo iwe ya diski yako kwenye list disk. Amri ya kwanza inakagua tu, ya pili ndiyo inafanya kazi. Diski ikiwa na patisheni kuu zaidi ya 3 itakataa. Ikishamaliza, rudi BIOS uzime Legacy. Ingawa haifuti, mafaili ya maana yanakiliwe kwanza, hili silijadili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu inamaliza kunakili, inajizima, ikiwaka inanirudisha kwenye kuchagua lugha. Nimezunguka mara nne sasa.

Jibu: Hiyo haijagoma, inawaka kwa flashi kila mara. Ikijizima ile mara ya kwanza baada ya kunakili, chomoa flashi kabla nembo haijatokea. Kazi iliyobaki inafanyika kutoka kwenye diski. Ukichomoa na ikasema hakuna cha kuwashia, nenda hatua ya 3.

Swali: Nimeandika bootrec /fixboot inasema "Access is denied". Mtu kaniambia diski imekufa.

Jibu: Haijakufa, ndugu. Amri hiyo hukataa hivyo mara nyingi kwenye mashine za UEFI, na watu wameirithi kutoka enzi za MBR. Iache, tumia bcdboot ya hatua ya 5. Ukitaka kujua hali ya diski, kwenye Windows za zamani (za karibuni zimeiondoa amri hii) andika "wmic diskdrive get status", ingawa jibu la "OK" halina maana kwamba diski ni nzima. Jibu la "Pred Fail" ndilo la kuogopa.

Swali: Baada ya kugoma nilichomoa kile kibetri cha kwenye mazabodi kama nilivyoelekezwa. Sasa viduara vinatokea halafu skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Jibu: Kibetri ukikichomoa, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Windows yako ilipigwa diski ikiwa kwenye AHCI, na sasa imerudi RAID, au kinyume chake (hizo ni namna mbili za mashine kuongea na diski). Ingia BIOS, sehemu ya SATA au Storage, badilisha, hifadhi, washa. Kwenye mashine za Intel angalia pia kitu kinaitwa VMD. Isipokubali, rudisha ulivyokuta, usiache umebadilisha mambo matatu kwa mpigo, utapoteza njia.

Swali: Kila nikizima ukutani usiku, asubuhi inagoma, na saa inarudi miaka nyuma. Nikiingia BIOS na kurekebisha inawaka.

Jibu: Kibetri kimeisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, volti 3. Badilisha, panga BIOS mara moja, basi. Umeteseka bure.

Swali: Yangu inafika kwenye nembo, viduara vinazunguka, kisha kioo kinakuwa cheusi lakini nasikia mlio wa Windows imeingia. Nipige tena?

Jibu: Hapana! Ukisikia mlio ujue imewaka, haionekani tu. Jaribu Windows + Ctrl + Shift + B, hiyo inaamsha upya draiva ya kadi ya picha. Kisha angalia waya wa kioo: kama una kadi ya picha, waya uwe kwenye kadi, siyo kwenye tundu la mazabodi. Ikishindikana, izime kwa nguvu viduara vikiwa vinazunguka, mara mbili mfululizo. Ya tatu itakupeleka kwenye ukurasa wa kutengeneza. Pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, chagua 4 uingie Safe Mode, uondoe draiva ya picha.

Swali: Samahani kaka, bcdboot itafuta picha za watoto zangu?

Jibu: Hapana dada. Inanakili mafaili madogo ya kuwashia tu, haigusi folda zako. Kinachoweza kufuta ni ule mstari wa format kwenye hatua ya 5, na kupiga Windows upya. Kama ulipopiga hukufomati, zitafute ndani ya C kwenye folda iitwayo Windows.old, na uzitoe leo, maana Windows huifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku kadhaa.

Swali: Nimefika kwenye dir D:\ inasema imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la diski). Sikumbuki kuweka nywila yoyote.

Jibu: Huenda iliwekwa bila wewe kuombwa. Mashine nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo hubaki kwenye akaunti hiyo. Fungua aka.ms/myrecoverykey kwa simu, ingia kwa akaunti ile ile, utakuta namba ya tarakimu 48. Kwenye dirisha jeusi andika:

manage-bde -unlock D: -RecoveryPassword

ikifuatiwa na namba hiyo pamoja na vistari vyake. Ikifunguka, endelea na bcdboot pale ulipoishia.

Swali: Mkuu nimechomoa flashi ya modemu iliyokuwa nyuma ya kesi, imewaka. Nifute swali langu la jana?

Jibu: Liache lilivyo. Hatua ya 2 inahitaji mashahidi.