Kupima msongo kwa mate: hatua kwa hatua, kutoka uwandani

Katika mradi wangu wa kwanza wa kotisoli, homoni ya msongo inayopimika kwenye mate, kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye kwenye kompyuta alionekana kaamka saa saba na dakika kumi usiku, siku tatu mfululizo, katoa mate mara tatu, halafu kaenda zake kazini. Karibu wiki nzima tulikuwa tukimwonea huruma. Kumbe dada wa watu aliandika 1:10, yaani saa moja na dakika kumi asubuhi, kama anavyosema Mswahili yeyote, na mwingizaji data akaisoma 01:10. Wenzake kadhaa walikuwa wameandika hivyohivyo, wengine wakaandika saa ya simu, na hatukuwa na njia ya kujua nani kafuata ipi. Vichupa vyao vilikuwa vizima kabisa ndani ya friza. Havikutufaa kwa lolote.

Mwongozo huu ni wa mtafiti msaidizi au mwanafunzi wa uzamili anayetaka kupima namna mwili unavyoitikia msongo. Mfano wangu ni watumishi wa afya wanaojiandaa kwa mlipuko: wale wanaofanya mazoezi ya kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga, kubeba mgonjwa wa kuigiza, kuchukua sampuli. Tangu homa ya virusi vya Marburg ilipotangazwa mkoani Kagera, Tanzania, Machi 21, 2023, ikaua watu 6 kati ya 9 waliougua, akiwemo mtumishi wa afya, mazoezi haya yamekuwa jambo zito. Kuuliza kama watu wanajua hatua za kuvua glavu ni rahisi. Kujua miili yao inapitia nini wakati huo kunahitaji kipimo.

Kwanza, kidogo kuhusu kotisoli yenyewe. Ukishtuka, adrenalini inaruka ndani ya sekunde. Kotisoli inafuata taratibu: hipothalamasi iliyo ndani ya ubongo inaiamsha tezi ya pituitari, pituitari inazipigia hodi tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, ndipo homoni inamwagwa kwenye damu. Katika mate utakiona kilele dakika 20 hadi 30 baada ya jambo kutokea. Na hata pasipo jambo lolote, kotisoli ina mwendo wake wa siku: mtu akiamka inapanda kwa kasi, inafika kileleni kati ya dakika 30 na 45, kisha inateremka mchana kutwa hadi karibu na usiku wa manane. Sampuli isiyo na saa ya kuaminika, basi, ni namba tupu.

Hatua ya 1: Amua unapima nini

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mwitikio wa kuamka, unaoonyesha hali ya mtu katika kipindi fulani cha maisha au kazi. Hapo unachukua mate anapoamka, dakika 30 baadaye, na dakika 45 baadaye, kwa siku mbili au zaidi. La pili ni mwitikio wa tukio, mfano zoezi la mlipuko. Hapo unachukua kabla ya zoezi, mara linapokwisha, kisha dakika 20 na 40 baadaye.

Zoezi la namna hiyo lipange alasiri. Asubuhi kotisoli iko juu na inashuka yenyewe, kwa hiyo hutajua kama kilichobadilika kimetokana na zoezi au na jua kupanda.

Andika pia nani alikuwepo akitazama. Watafiti wa Trier, Ujerumani, walitengeneza mwaka 1993 jaribio ambalo hadi leo ndilo linalotumika sana maabara: mtu anasimama mbele ya jopo lisilotabasamu, anajieleza, halafu anatoa 13 kutoka 1022, tena 13, tena 13, akikosea anaanza upya. Hakuna anayeumizwa, na kotisoli inapanda vilevile. Kuhukumiwa mbele za watu, katika jambo usilolimudu, kunatosha. Kwa hiyo zoezi lililosimamiwa na mganga mkuu mwenye daftari mkononi si sawa na zoezi la wenzako peke yao, hata kama hatua ni zilezile.

Hatua ya 2: Vibali

Anza mapema kuliko unavyodhani. Tanzania Bara maombi ya maadili ya utafiti wa afya hupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), na Zanzibar ina utaratibu wake. Mate yakivuka mpaka kwenda maabara ya nje, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa kabla hujanunua barafu.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu dawa, na uliza vizuri

Fomu nyingi zina swali moja: "Unatumia dawa yoyote?" Kila mtu anajibu hapana. Uliza moja moja. Pampu ya pumu? Prednisoloni au deksamethasoni, hata kama ulinunua duka la dawa bila cheti? Vidonge vya uzazi wa mpango? Ujauzito? Zote hizi zinagusa kotisoli kwa namna moja au nyingine.

Halafu kuna mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, yaani dawa inayofanana na kotisoli, kama klobetasoli, na ukijipaka mwili mzima kwa miezi, inaingia kwenye damu na tezi zako zinapunguza kutengeneza kotisoli kwa sababu zinadhani ipo ya kutosha. Mtu huyo atatokea kwenye grafu yako kama mtulivu kupita wote. Hakuna atakayekuambia anapaka mkorogo ukimuuliza mbele ya wenzake. Mimi huliweka swali hili mwisho kabisa, mtu akiwa peke yake, na huuliza jina la krimu, siulizi sababu. Anayetumia simfukuzi kwa aibu. Namshukuru, nampa nauli yake kama wengine, na mate yake hayaingii kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Vifaa

Vichupa vya plastiki ngumu vya mililita 2 vyenye kifuniko cha kukaza, na mirija mifupi safi ya kudondoshea mate. Wapo wanaotumia kipande cha kutafuna. Kikiwa cha nyuzi za sintetiki ni sawa, cha pamba kiache, hasa kama utapima na homoni nyingine. Lebo ziwe za friza. Kalamu ya kawaida ikikutana na ukungu wa barafu inafutika, ubaki na vichupa mia visivyo na wenyewe.

Hatua ya 5: Kaa na mshiriki

Usigawe karatasi na kuondoka. Kuna swali litakuja, lijibu kabla halijageuka uvumi wa wodini.

"Kaka, haya mate si mnakwenda kupima ukimwi?"

Swali halali kabisa, maana kipo kipimo cha kujipima VVU kwa majimaji ya kinywani na wauguzi wanakijua. Huwa najibu: "Hapana sista. Fomu ya ridhaa inasema kotisoli peke yake, na yakishapimwa yanayobaki yanateketezwa. Soma hapa, kifungu cha nne." Kisha nanyamaza asome. Wengine hawaogopi ukimwi, wanaogopa mate yao kuangukia mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya. Hilo nalo lipe heshima yake. Waonyeshe namba ya kichupa, waone jina lao halimo.

Kisha mfanye ajaribu mbele yako. Ainamishe kichwa kidogo, mate yajikusanye chini ya ulimi, ayaache yateremke kwenye mrija. Asikohoe, asivute kutoka kooni. Tunataka mate, si kohozi. Povu halihesabiwi, kichupa kifike nusu bila povu.

Katika zile dakika 45 za asubuhi: hakuna chai, hakuna kitafunwa, hakuna sigara, hakuna mswaki. Mswaki ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu fizi zikitoka damu kidogo, kotisoli ya damu, ambayo ni nyingi mara kadhaa kuliko ya mate, inaingia kichupani. Mate yenye rangi ya waridi yatupwe.

Hatua ya 6: Saa

Hapa ndipo kazi inapofia. Baada ya yule dada wa saa saba za usiku, tulibadilisha mambo matatu.

Kwanza, kadi. Imeandikwa: "Andika namba zilezile unazoziona kwenye kioo cha simu. Usizitafsiri." Tunamwekea mshiriki simu yake katika mtindo wa saa 24 palepale kwenye mafunzo. Chini ya nafasi ya namba kuna maneno ya kuzungushia: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Namba na neno visipopatana, tunampigia siku hiyohiyo, si baada ya mwezi.

Pili, bipu. Akifumbua macho, kabla hajaweka mguu chini, anatubipu kwenye simu ya mradi. Haimgharimu shilingi, na simu yetu inatunza saa bila kumwamini wala kumshuku mtu. Utashangaa: wapo walioandika wameamka 06:00 na bipu yao ni ya 06:35. Hawadanganyi. Waliamka, wakavuta shuka, wakakumbuka kichupa baadaye, wakajaza saa waliyodhani inatakiwa. Tofauti ikizidi dakika 15, siku hiyo tunaiacha na kumwomba nyingine. Katika mwitikio wa kuamka, kuchelewa robo saa kunatosha kukufanya uukose mwanzo wa mlima na kuona mteremko tu.

Tatu, tulikubaliana maana ya kuamka. Ukanda wa pwani mtu anaamka kwa swala ya alfajiri, anarudi kulala, anaamka tena saa moja. Kuamka kupi? Sisi tunarekodi kote kuwili na tunachukua mate kwenye kule ambako harudi tena kulala. Wewe unaweza kuamua vingine, ila amua kabla na uandike. Ramadhani mimi sichukui kabisa, labda Ramadhani yenyewe ndiyo swali. Daku inavuruga usingizi na mlo kwa pamoja, na hutaki kumweka mtu aliyefunga katika mashaka kama kushika mrija mdomoni kunaharibu funga yake. Wa zamu ya usiku wachambue peke yao.

Hatua ya 7: Kutoka kitandani hadi friza

Vichupa vikae kwenye friji ya nyumbani, au kwenye kuli boksi lenye barafu, hadi tunapovipitia siku hiyohiyo. Kotisoli ni ngumu, haiharibiki kwa saa chache za joto, lakini mate yakilala nje yanaota ukungu. Friza iwe nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi.

Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, utajuaje? Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukikuta sarafu imezama, sampuli zako ziliyeyuka hata kama kila kitu sasa ni jiwe.

Tahadhari moja. Mate ni majimaji ya mwili. Glavu kila mara, na mshiriki mwenye homa au kikohozi cha wiki mbili anapelekwa kupimwa kwanza, hatoi mate. Mlipuko wa kweli ukitangazwa eneo lenu, utafiti huu unasimama.

Hatua ya 8: Maabara

Sitakaa sana hapa, fundi wa maabara anajua kazi yake. Mwombe mambo mawili. Yakishayeyushwa, mate yazungushwe kwenye sentrifyuji ute ukae chini. Kugandishwa kumesaidia kuukata. Na vichupa vyote vya mtu mmoja vipimwe kwenye sahani moja ya ELISA (kipimo kinachoonyesha kiasi cha homoni kwa rangi), kila kimoja mara mbili, ili tofauti kati ya sahani isije ikaonekana ni tofauti kati ya siku zake. Ukichungulia usishangae: tundu lenye rangi kali ndilo lenye kotisoli kidogo.

Hatua ya 9: Hesabu

Tuseme mtu ana nanomoli 10 kwa lita alipoamka, 16 baada ya dakika 30, na 15 baada ya dakika 45. Eneo lote chini ya mstari wa grafu ya namba hizo: wastani wa 10 na 16 ni 13, mara 30 ni 390. Wastani wa 16 na 15 ni 15.5, mara 15 ni 232.5. Jumla 622.5. Sasa ondoa kile alichoamka nacho, 10 mara 45, yaani 450. Inabaki 172.5, na hiyo ndiyo sehemu iliyopanda. Ziripoti zote mbili. Ya kwanza inasema mwili umetoa kiasi gani, ya pili inasema umeitikiaje, na mtu anaweza kuwa juu kwa moja na chini kwa nyingine. Na tumia dakika halisi za mtu, siyo 30 na 45 za kwenye kadi.

Hatua ya 10: Rudisha majibu

Tunampa kila mshiriki karatasi yenye mistari yake ya siku zote. Swali ni lilelile kila mara: "Sasa mimi nina msongo au sina?" Namwambia ukweli, kwamba karatasi hii haimwambii mtu mmoja kama anaumwa, na kwamba mstari wa chini si lazima uwe utulivu, kwa waliochoka muda mrefu, mwinuko wa asubuhi wakati mwingine hulala bapa.

Mama mmoja wa wodi ya wazazi aliishika yake kwa muda, akaweka kidole kwenye Jumatano, ambayo ilikuwa haifanani na nyingine. "Siku hiyo mtoto alikuwa na homa," akasema. "Sikulala." Fomu yetu haikuwa na swali la usiku uliotangulia. Siku hizi ni la pili kutoka juu.