Kabla Hujalipia Spana Iliyoandikwa "Vanadium"

Ukipita gereji za Unga Limited hapa Arusha, spana nyingi utakuta zimeandikwa mgongoni CHROME VANADIUM, na wauzaji hulitamka neno hilo kama dua. Kabla hujatoa hela, jua kwanza linamaanisha nini. Vanadi ni metali, namba 23 kwenye jedwali la elementi. Spana yenyewe ni feleji iliyotiwa kromi na vanadi kidogo tu, vanadi isiyofika hata asilimia 1. Kidogo hicho hushikana na kaboni na kuzuia chembe za chuma zisikue, ndiyo maana spana ya kweli haipanuki mdomo ovyo.

Jina lina kisa chake. Mwaka 1801, huko Mexico, Andrés Manuel del Río aliikuta vanadi kwenye madini ya risasi. Akaiita eritroni, kwa kuwa chumvi zake zilikuwa nyekundu zikipashwa moto. Mkemia wa Ufaransa akapima, akasema hiyo ni kromi tu, na del Río wa watu akakubali kushindwa. Mwaka 1830 Nils Sefström akaikuta upya kwenye chuma cha Sweden. Kwa uzuri wa rangi zake (manjano, buluu, kijani, zambarau) akaipa jina la Vanadis, yaani Freyja, mungu wa kike wa uzuri katika hadithi za kale za Skandinavia. Hata tanzanaiti ya Mererani inadaiwa ubuluu wake na vanadi. Na kromi ile iliyomponza del Río leo imeandikwa ubavuni mwa vanadi, kwenye spana moja.

Sasa, maandishi si ushahidi. Niliwahi kununua seti kwa mtu wa barabarani, imeandikwa vizuri kabisa; ile ya 13 ikapanuka mdomo kwenye nati ya tatu, na nati yenyewe ikaliwa. Usijisumbue na sumaku: itanasa feleji nzuri na mbaya vilevile. Mng'ao nao ni wa ngozi ya juu tu. Mimi siku hizi naenda na nati yangu mfukoni. Naivalisha spana, nasikiliza kama inacheza, kisha naangalia ndani ya mdomo kama ngozi ile imeanza kubanduka. Muuzaji akikataa nisijaribu, narudisha nati yangu mfukoni na kwenda duka la pili.