Kutafuta vimelea vya ndorobo kwenye damu ya ng'ombe kwa kapilari na hadubini

Kimelea cha ugonjwa wa Chagas, Trypanosoma cruzi, ni cha mabara ya Amerika; Carlos Chagas alikieleza mwaka 1909 huko Brazili. Ndugu zake wa huku kwetu Tanzania, T. congolense, T. vivax na T. brucei, huletwa na mbung'o kwenye damu ya ng'ombe na kumpa ugonjwa wa ndorobo, na njia ya kuwatafuta ni ileile inayotumika kule kumpima mtoto mchanga wa mama mwenye Chagas: damu kidogo ndani ya kapilari (mrija mwembamba wa kioo), izungushwe kwa kasi, kisha uangalie kinachotikisika. Maelezo haya yanafaa maabara ndogo ya wilaya, au meza ya malishoni yenye jenereta.

Uliza kwanza ng'ombe katoka wapi. Aliyechungwa Chunya, au aliyeshuka Usangu upande wa Ruaha, ana haki ya kushukiwa ugonjwa wa ndorobo. Ng'ombe wa maziwa wa Tukuyu asiyetoka bandani akishikwa na homa, anza na magonjwa ya kupe, ndigana kali na ndigana baridi. Mbung'o hawawezi baridi ya kule juu.

Damu itoke kwenye mshipa mdogo wa pembeni mwa sikio, si shingoni, kwa sababu T. congolense hujibanza kwenye mishipa midogo. Tumia kapilari yenye heparini ya kuzuia damu isigande (ile ya mstari mwekundu), ivute damu hadi robo tatu, futa nje, ziba ncha kavu kwa plastisini. Jaza mbili kwa kila mnyama, maana moja huvunjika. Zifunge kwenye kitambaa ndani ya boksi la barafu bila kugusa barafu yenyewe, na uzisome ndani ya saa 4. T. vivax hufa mapema, na kikishakufa humwoni tena, kwani hapa tunatafuta mwendo tu.

Zungusha mara 12,000 kwa dakika, kwa dakika 5, ncha yenye plastisini ikielekea nje na kila kapilari ikiwa na mwenzake upande wa pili. Ukigeuza, unafungua mashine na kukuta damu imetapakaa. Soma kipimo cha chembe nyekundu: chini ya asilimia 25 mnyama ana upungufu wa damu, ingawa minyoo na kupe nao huleta hali hiyo.

Sasa tazama kapilari dhidi ya mwanga. Chini ni nyekundu, juu ni maji ya njano, na katikati kuna utepe mwembamba mweupe. Hapo ndipo pa kazi. Chora kwa kalamu ya almasi milimita 1 chini ya utepe, vunja, kisha vunja tena milimita 3 juu yake. Kosa la wengi ni kukata kwenye utepe wenyewe kwa kuogopa wekundu. Hiyo milimita 1 nyekundu ndiyo makazi ya T. congolense. Gongea kipande hicho juu ya slaidi, changanya kidogo, funika kwa kioo cha milimita 22. Vaa glovu na miwani: baadhi ya aina za T. brucei ndizo zinazoleta malale kwa binadamu, na kwa hadubini huwezi kuzitofautisha.

Weka lenzi ya 40, shusha kondensa (lenzi ya mwanga iliyo chini ya slaidi), punguza mwanga hadi kingo za chembe zionekane kali. Mgeni wa kazi hii hufungua mwanga wote halafu anasema hakuna kitu. Usitafute mdudu, tafuta chembe nyekundu zinazosukumwasukumwa bila sababu. Pitia maeneo 200 kabla ya kuandika hapana. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya, slaidi ikae kwanza kwenye joto la chumba, maana baridi huvipumbaza vimelea.

T. vivax hupita eneo zima kwa kasi kama mtu aliyechelewa basi. T. brucei huhangaika sana lakini palepale. T. congolense ni mdogo, mzito, kichwa kimenasa kwenye chembe nyekundu.

Halafu kuna T. theileri, na huyu ndiye anayewaponza watu wa nyanda za juu. Ni mkubwa zaidi ya mara mbili ya wengine, hujizungusha, na husambazwa na pange, kwa hiyo unaweza kumkuta hata kwa ng'ombe asiyejua mbung'o. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na cruzi: wote wawili hukomaa kwenye sehemu ya nyuma ya utumbo wa mdudu na kutoka na mavi yake, si kwa mate. Kwa kawaida hamdhuru ng'ombe. Ukimwona ukakimbilia sindano, umemtibu mnyama ugonjwa asio nao, na ule unaomuua unaendelea.

Ndiyo maana kila jibu la ndiyo lithibitishwe kwa tandazo jembamba, yaani tone la damu lililosambazwa kwenye slaidi: likauke, methanoli dakika 2, rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 30, maji ya pH 7.2. Maji yenye asidi huacha kila kitu waridi, yenye alkali huacha kila kitu bluu. Angalia kinetoplasti, ile nukta nyeusi ya nyuma: kwa vivax ni kubwa na iko mwishoni kabisa, kwa congolense iko pembeni na mjeledi (uzi wa kuogelea) hautokezi, kwa brucei ni ndogo na mjeledi umetokeza.

Njia hii huanza kuona congolense wakifika kama 250 kwa mililita, vivax 500, brucei 5,000. Damu ya mnyama aliyekonda isiyoonyesha kitu, idondoshee kwenye karatasi ya kuchujia, ikauke kivulini, ipelekwe maabara ya mifugo Iringa kuuliza kipimo cha vinasaba.