Neno refu la Kiingereza? Anzia mkiani

Kama neno "responsibility" linakukwama ulimini kila ukilisoma mbele za watu, lijenge kutoka nyuma: ti, liti, BIliti, siBIliti, sponsiBIliti, risponsiBIliti. Usiongeze kipande kipya kabla vya nyuma havijatoka bila kusita. Ulimi unakuwa umeshauzoea mwisho wa neno, kwa hiyo kila ukianza upya unaelekea kwepesi. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mkazo. Sisi Waswahili tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi hutamka "risponsibiLIti". Maneno yanayoishia na -ity hukaziwa silabi iliyo kabla tu ya mwisho huo. Yale ya -tion nayo vivyo hivyo: pronansiEIshen.

Mbinu hii haifui dafu mbele ya maneno yanayomeza herufi. "Comfortable" wengi hulitamka kwa silabi tatu tu, KAMftabol, na mji wa Worcester ni Wusta. Ya namna hiyo sikiliza kwanza sauti kwenye kamusi ya mtandaoni, ndipo uyakate vipande.