Jinsi ya Kulinganisha Kamera Mbili Ndogo za Kidijitali Kabla ya Kununua

Mtu anayetafuta kamera ndogo ya kutia mfukoni, yenye picha bora kuliko za simu yake, mara nyingi hufika mahali akabaki na majina mawili na fedha ya kununua moja tu. Hapo wengi hufungua jedwali la sifa, wakahesabu ni ipi imeshinda kwenye mistari mingi, kisha wakanunua hiyo. Njia hiyo inapotosha, kwa sababu mistari ya jedwali haina uzito sawa: mstari mmoja unaweza kuamua sura ya kila picha utakayopiga, na mingine kumi isikuguse mwaka mzima. Katika mwongozo huu nitatumia jozi ya kweli, Canon PowerShot G7 X Mark III na Sony RX100 VII, ambazo zote zilitangazwa Julai 2019 na zimekuwa zikishindanishwa tangu wakati huo. Ukiwa na jozi nyingine, utaratibu ni huuhuu.

Kabla ya kugusa jedwali lolote, chukua karatasi uandike picha utakazopiga, moja baada ya nyingine. Kuandika "picha nzuri" hakusaidii kitu. "Sendofu ukumbini usiku", "watoto wakicheza mpira jioni", "twiga nikiwa ndani ya gari pale Mikumi", "video fupi za bidhaa za dukani kwangu": hayo ni maelezo yanayopimika. Kisha panga kazi hizo kwa kuangalia zinatokea mara ngapi, bila kujali zinavyokuvutia, maana safari ya mbugani ya mara moja kwa mwaka hutawala mawazo ya mnunuzi, naye akasahau kwamba karibu kila mwezi amealikwa kwenye sherehe ya ndani yenye taa hafifu.

Hatua ya pili ni kufuta yanayolingana, na kwa jozi hii yapo mengi. Sensa zote mbili (vile vipande vya ndani vinavyopokea mwanga na kuugeuza picha) ni za kipimo kinachoitwa inchi 1, yaani takriban milimita 13.2 kwa 8.8, eneo ambalo ni karibu mara nne ya sensa za inchi 1/2.3 zilizomo katika kamera ndogo za bei ya chini. Zote zina megapikseli 20, na picha yake ya pikseli 5,472 kwa 3,648 inaweza kuchapishwa kwa upana wa sentimita 46 ikiwa bado na nukta 300 kwa kila inchi. Zikiwa na betri na kadi, moja ina gramu 304 na nyingine 302. Zote zina flashi ndogo inayochomoza, skrini ya kugusa inayogeuzwa juu ili ujione unapojirekodi, tundu la maikrofoni, video ya 4K na faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Yafute yote hayo, na muuzaji akianza kuzisifu megapikseli, mshukuru kwa upole umwombe akuwashie kamera. Ila kama sensa za jozi yako zinatofautiana kwa ukubwa, usiharakishe kupita hapa, kwa kuwa tofauti hiyo huzidi karibu sifa zote nyingine.

Sasa tumefika kwenye lenzi, na hapa ndipo ninapomsihi mnunuzi akae kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu lenzi ya kamera ya aina hii haibadilishwi: ukishalipa, umeoana nayo. Lenzi ya Canon inaanzia milimita 24 hadi 100, kwa hesabu ya kamera za filamu ya milimita 35, na tundu lake la kupitishia mwanga ni f/1.8 upande mpana (milimita 24) na f/2.8 ikivutwa hadi mwisho. Ya Sony inaanzia milimita 24 hadi 200, na tundu lake ni f/2.8 hadi f/4.5. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Ukitaka kujua wingi huo kwa hesabu, gawanya namba kubwa kwa ndogo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hapa 2.8 ikigawanywa kwa 1.8 inatoa takriban 1.56, na 1.56 mara 1.56 ni 2.4. Maana yake ni kwamba kwenye upande mpana Canon hupokea mwanga karibu mara mbili na nusu ya Sony.

Namba hiyo iingize ukumbini. Tuseme taa ni hafifu, umeweka kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde 1/60 ili watu wasitoke na ukungu wakisogea, na Canon imehitaji ISO 3200 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyoukuza mwanga iliopokea) kupata picha yenye mwanga wa kutosha. Kwa kasi ileile, Sony itahitaji karibu ISO 8000. Kwa sensa ya ukubwa huu, hicho ni kiwango ambacho chenga, yaani vipunje vya rangi, huanza kula picha: nywele zilizosukwa hupoteza mistari yake, na kitenge chenye maua madogo hugeuka kuwa rangi iliyopakwa tu. Kamera zote mbili zina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, lakini kifaa hicho hakimzuii mtu anayecheza muziki asisogee, kwa hiyo hakiwezi kuziba pengo la mwanga.

Upande wa pili wa hesabu ni zumu. Mnyama akiwa mbali, lenzi ya milimita 200 humwonyesha akiwa mrefu mara mbili ya ile ya milimita 100. Mwenye Canon anaweza kuikata picha yake ili mnyama ajaze fremu vilevile, lakini akikata nusu ya upana na nusu ya urefu anabaki na robo ya picha, yaani megapikseli 5 kati ya 20. Hizo zinatosha kutumwa kwa WhatsApp na hata kuchapishwa kwa upana wa sentimita 23, ila hazitoshi kwa kalenda kubwa ya ukutani. Zaidi ya hayo, mchana wa mbugani una mwanga tele, hivyo ile f/4.5 ya Sony ambayo usiku ingekuwa mzigo, hapo haina madhara yoyote. Zumu ya kidijitali iache nje ya ulinganisho kabisa, kwa kuwa ni kukata picha kulekule ambako ungeweza kukufanya mwenyewe kwenye kompyuta.

Hukumu yangu ni kwamba mtu ambaye orodha yake imejaa sherehe za ndani na picha za familia sebuleni achukue Canon, hata kama angepewa Sony kwa bei ileile. Anayepiga safari, michezo na watoto wanaokimbia juani achukue Sony. Wanaobaki katikati ndio wanaohitaji kuendelea na vipimo vinavyofuata.

Kipimo ambacho sikioni katika majedwali, nami nakijali kuliko vingi, ni jinsi kamera inavyozishughulikia nyuso zetu. Kamera hupima mwanga wa fremu kwa kuchukulia kuwa wastani wake ni kijivu. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi akisimama na gauni jeupe mbele ya pazia jeupe, mashine huamini kwamba mwanga umezidi na kuupunguza, gauni likawa kijivu na uso ukaingia gizani hadi macho yasionekane. Dawa yake ni fidia ya mwanga, ile alama ya kujumlisha na kutoa, ambayo kwa picha kama hiyo huongezwa hatua moja hivi, yaani mwanga mara mbili. Sasa angalia inavyofikiwa. Canon imeiwekea gurudumu lake yenyewe juu ya kamera, chini ya lile la kuchagua modi, hivyo dole gumba huizungusha bila kuingia kwenye menyu. Sony haina gurudumu la kazi hiyo, bali hutumia gurudumu la nyuma, au pete ya lenzi ukiipangia. Kwa anayepiga harusi, sekunde hizo mbili za kutafuta ndizo anazovishwa pete bwana harusi. Jaribu pia utambuzi wa nyuso kwa kumweka rafiki yako kwenye kona yenye kivuli, uone kama kile kisanduku kinaushika uso wake mara moja au kinarukia fulana ya mtu wa nyuma.

Kuhusu fokasi (kulenga ili picha itoke kali) ya vitu vinavyosogea hapana ubishi mkubwa. Sony hutumia fokasi ya kulinganisha awamu, inayojua mara moja isogee upande gani, yenye pointi 357 zilizosambaa kwenye sensa, na Canon hutegemea kulinganisha kontrasti tu, njia ambayo hulazimika kupapasa mbele na nyuma kabla ya kutulia. Mwombe mtu atembee haraka kuja kwako huku ukipiga picha mfululizo, kisha hesabu ni ngapi macho yake yametoka makali.

Jua letu la saa sita nalo lina mambo yake. Skrini yoyote hufifia ufukweni, na Sony ina kidirisha cha kuchungulia kinachochomoza pembeni, ambacho Canon haina kabisa. Canon kwa upande wake ina kichujio cha ndani kinachopunguza mwanga hadi moja ya nane, na Sony haina. Kichujio hicho humfaa sana mtu wa video, kwa sababu mwendo laini huhitaji shata ya taratibu, mathalani 1/50, na kwenye mwanga mkali kasi hiyo haiwezekani bila kitu cha kuupunguza.

Betri zote ni ndogo. Kwa kipimo cha kawaida cha viwanda, Canon hutoa takriban picha 235 na Sony 260, kwa hiyo weka bei ya betri ya pili kwenye bajeti tangu mwanzo. Angalia na namna ya kuchaji: Sony hutumia tundu la zamani la micro-USB na hukubali chaja nyingi za kawaida, wakati Canon ina USB-C lakini ikichajiwa ndani ya kamera huhitaji chaja au pawabenki yenye mfumo wa Power Delivery. Mtu anayetegemea pawabenki safarini aende nayo dukani aichomeke kabla ya kulipa.

Siku ya kwenda dukani, beba kadi yako mwenyewe ya kumbukumbu. Omba kamera zote mbili ziwashwe, ziweke kwenye milimita 24, kisha piga kitu kilekile kutoka mahali palepale: rafu yenye maandishi madogo, kisha uso wa mtu kwenye kona yenye giza, kisha mtu anayetembea. Rudia ukiwa umezivuta zote hadi milimita 100, na mwisho Sony peke yake hadi 200. Usihukumu kwa kutazama skrini za kamera, kwa kuwa moja inaweza kuwa imeongezwa mwangaza tu. Nenda ukazifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa kamili, uangalie pembe za picha pamoja na katikati. Duka likiwa na moja tu, piga hiyo, kisha mfuate mwenye nyingine saa za mwanga unaofanana. Usipopata mahali pa kuzishika, tovuti kama DPReview hupiga mandhari ileile ya studio kwa kamera mbalimbali. Ukizitumia picha hizo, usilinganishe ISO 3200 na ISO 3200. Kwa kazi za ukumbini, weka Canon kwenye 3200 na Sony kwenye kiwango kilicho karibu zaidi na 8000, maana ndivyo lenzi zao zitakavyokulazimisha.

Bei huja mwisho, na ilinganishwe ikiwa kamili. Zilipozinduliwa Marekani, Canon ilikuwa takriban dola 750 na Sony dola 1,200, lakini baadaye Canon ilitafutwa sana na vijana wa mitandaoni, ikaadimika, na bei yake ikapanda. Kwa hiyo tumia bei ya wiki hii, ujumlishe betri ya pili, kadi yenye alama ya U3 (alama ya kasi ya kuandika) kwa ajili ya 4K, na mfuko wa kuzuia vumbi. Kamera iliyoletwa kutoka Dubai au Japani huenda ikawa nafuu, ila uliza waranti yake inatambuliwa wapi, na uwashe menyu uione kwa macho yako, kwa kuwa kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee.

Ikiwa moja kati ya hizo mbili imetumika, ikague kabla hujailinganisha bei. Iwashe na kuizima mara kadhaa ukisikiliza lenzi inavyotoka na kurudi, kwani mlio wa kukwaruza ni dalili ya mchanga. Weka tundu kwenye f/11, piga picha ya anga tupu, kisha tafuta madoa meusi: lenzi isiyobanduka huvuta vumbi kila inapotoka, na vumbi likishafika kwenye sensa haliondoki bila fundi kuifungua kamera. Kwa kamera iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni, uangalie kama kuna nyuzinyuzi za ukungu wa unyevu. Ukiziona, iache hata ikishushwa bei. Ukiridhika, hakikisha namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera imeandikwa kwenye risiti pamoja na idadi ya siku mlizokubaliana za kuirudisha, na ndani ya siku hizo kapige zile picha ulizoziandika kwenye karatasi, ukianza na ile ya kwanza.